Kamati ya Mguu Mwepesi

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mkoa wa Vrabchevo, walio kazini, walio likizo na walio kwenye foleni, kwamba kuanzia leo Mkoa umeingia rasmi katika Zama za Mguu Mwepesi!"

Tangazo hilo lilisomwa mwezi wa Machi kwenye ngazi za ofisi ya mkoa, na msomaji alikuwa Gavana Zhelyazko Karamfilov mwenyewe, kifua mbele, utepe wa rangi tatu begani. Mwandishi wake alikuwa Metodi Kunchev, Mkuu wa Kitengo cha Magari na Mafuta. Metodi alisimama hatua mbili nyuma ya gavana, pale itifaki ilipompangia, akiyafuatisha maneno kwa midomo bila kutoa sauti. Alikuwa ameyatunga kwa wiki mbili na hakutaka hata moja lidondoke njiani.

Kando yao, chini ya shuka jeupe, kulikuwa na gari. Shuka lilipovutwa umati ukasema "aaah", kisha mzee mmoja akauliza: "Sasa hilo theluji litasukumaje?"

Lilikuwa swali la haki. Vrabchevo iko mlimani, na kila mwaka mkoa uliomba mafuta zaidi kwa ajili ya gari lake la kusukuma theluji. Gari hilo lilikuwa zima kabisa, ila mgao wake ulitosha kulitoa gereji, kuligeuza na kulirudisha gereji. Mji mkuu ulijibu kwamba maombi yamezingatiwa kwa uzito wake, ukaleta gari la michezo.

Lilikuwa jekundu, la Kiitaliano, lenye viti viwili, tumbo lake karibu liguse ardhi, na nguvu za farasi mia sita na ushei. Serikali ililitaifisha kutoka kwa mlanguzi wa sigara aliyeitwa Boga. Boga alikuwa amewatoka polisi wa nchi tatu akiwa ndani yake. Aliyeshindwa kumtoka ni mkewe, ambaye siku alipochoka na mambo yake alimpigia simu hakimu. Sheria inasema mali ya namna hiyo igawiwe ofisi za umma, na gavana alipoiona picha hakulala usiku huo.

Kulikuwa na tatizo dogo la kiutawala. Kiwango cha gari la serikali ni lita saba kwa kila kilomita mia. Gari la Boga, likiwa limeamka vizuri, lilikunywa ishirini. Mtu wa kawaida angesema vitu hivi viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Lakini gavana hakuwa mtu wa kawaida, na wiki mbili kabla ya tangazo alimwita Metodi ofisini kwake.

"Kunchev," alisema, "gari nalitaka, na kiwango nakitaka. Vyote viwili."

"Mheshimiwa, gari hili likipiga chafya tu, lita imekwenda."

"Basi lisipate mafua."

"Mheshimiwa..."

"Sikiliza. Kuna wazo kutoka juu la kuunganisha vitengo. Cha kwako na kile cha Mbwa Wazururaji. Mkuu atakuwa Parush wa mbwa, maana yeye ana cheti. Mimi nimelipinga wazo hilo. Nitaendelea kulipinga kadiri gari linavyoendelea kuwa ndani ya kiwango. Tumeelewana?"

Metodi alielewa vizuri sana. Kitengo cha Magari na Mafuta kilikuwa maisha yake. Kilikuwa na chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mti mmoja mkubwa, makarani wawili, hita ya umeme na ua kwenye chungu alilolilea tangu lilipokuwa jani moja. Kitengo cha Mbwa kilikuwa chini kabisa, ghorofa isiyo na madirisha, na kilinuka. Isitoshe, Metodi na mbwa walikuwa hawajawahi kuelewana tangu utotoni, na kovu la ushahidi alikuwa nalo, mahali ambapo hangeweza kumwonyesha mtu.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Mguu Mwepesi, mwenyekiti Metodi Kunchev, ikatoa Mwongozo wenye vifungu vitano. Gavana alivisoma vyote siku ile ya Machi. Kifungu cha kwanza kilisema kiongozi atakayevuka kiwango atanyang'anywa gari na kusafiri kwa chombo chochote cha umma kinachoelekea upande wake. Hicho gavana alikisoma kwa sauti kubwa kuliko vingine, akiwatazama mameya. Cha pili kilisema gari jekundu halitasogea hata hatua moja bila gavana mwenyewe kuwemo ndani. Hicho alikiongeza kwa mkono wake, kwa sababu aliwajua watu wake: gari kama lile ungelikuta kwenye harusi kila Jumamosi.

Dereva aliyepatikana ni Zdravka. Ujanani Zdravka alishindana mbio za magari milimani, na vikombe alivyoshinda mama yake alivitumia kwa kuwekea pilipili za siki. Alipoonyeshwa gari alilizunguka mara mbili, akaliwekea kiganja kwenye boneti, akatokwa na machozi waziwazi.

"Lini nitaliendesha?" akauliza.

"Kesho," Metodi akamjibu. "Kilomita thelathini kwa saa."

Zdravka akayafuta machozi. "Bosi, umenifanyia unyama."

"Ni mkakati, Zdravka."

"Hata wauaji huwa na mkakati, bosi."

Kamati ilifanya kazi kisayansi. Iliamua kwanza kuondoa uzito usio wa lazima. Likatolewa gurudumu la akiba, zulia, redio, kisanduku cha huduma ya kwanza na chakula cha mchana cha Zdravka. Kila kilichomo kilipimwa kwenye mizani ya soko, isipokuwa gavana, ambaye kwa makadirio ya watu waliokuwa mbali naye alikuwa sawa na magurudumu ya akiba sita. Karani mmoja kijana alitaka kulisema hilo kikaoni. Metodi alimkanyaga chini ya meza, na ajenda ikasonga mbele.

Kisha yakaja mayai. Metodi alikuwa amesoma mahali fulani kwamba dereva mwenye busara hukanyaga mafuta kama vile kuna yai bichi chini ya mguu. Akaona hakuna haja ya kusema "kama vile". Zabuni ikatangazwa, mayai yakaja, na kila asubuhi yai moja liliwekwa chini ya kikanyagio. Siku ya kwanza lilipasuka. Siku ya pili Zdravka alikuja na kikaango.

"Yai la leo limepona?" Metodi aliuliza jioni.

"Limepona vizuri sana, bosi. Na jibini kidogo."

Pamoja na sayansi yote hiyo, wiki ya kwanza matumizi yalikuwa lita kumi na sita. Metodi alianza kusikia mbwa wakibweka hata pale ambapo hapakuwa na mbwa. Alikwenda kumtafuta Zdravka gereji, akamkuta ameketi juu ya tairi, akila.

"Tumekwisha," akasema. "Nitapelekwa kwa Parush."

Zdravka akalamba vidole. "Bosi, baba yako alikuwa na gari?"

"Alikuwa nalo."

"Mlima ukishuka alifanyaje?"

 Metodi akaona aibu, maana hilo Vrabchevo halifundishwi, mtu huzaliwa nalo. Mlima ukishuka, unazima injini. Baba yake alizima, babu yake alizima, padri alizima akitoka kuzika, na dereva wa basi la shule alizima watoto wakipiga makofi. Walimwengu wengine wanasema ni hatari, usukani na breki huwa vigumu. Vrabchevo husema ndiyo maana Mungu aliwapa miguu minene.

Sasa nyumba ya gavana ilikuwa Mtaa wa Juu, kileleni. Ofisi ilikuwa chini kabisa, mtoni. Swali la asubuhi, basi, lilikuwa limejibiwa.

"Na jioni?" Metodi akauliza.

"Jioni kuna Mzee Asparuh."

Mzee Asparuh alikuwa na trekta la idara ya misitu, naye alipanda mlimani kila jioni kwenda kulala kwake. Dizeli ya trekta ilihesabiwa kwenye fungu la misitu, chini ya "utunzaji wa mikaratusi na misonobari", japo mikaratusi hapakuwa na hata mmoja. Ikafungwa kamba. Gari jekundu likapanda mlima nyuma ya trekta, injini kimya, na mita ya kilomita ikahesabu safari yote bila kinyongo. Kilomita zilikuwa za gari na mafuta yalikuwa ya msonobari. Mwisho wa mwezi matumizi yalikuwa lita moja na nusu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea miezi tisa. Kila asubuhi mama yake gavana, Bibi Nedelya, alitoka na kindoo cha shaba akamwaga maji mbele ya geti, maana mtu anayesafiri humwagiwa maji ili safari yake itiririke. "Nenda polepole, Zhelyo mwanangu," alisema. Kisha Metodi na karani wake wakaegemeza mabega nyuma ya gari wakasukuma mpaka mteremko ulipolipokea. Cheo cha gavana hakikumruhusu kushuka kusukuma, na kifungu cha pili hakikumruhusu kushuka kabisa. Alikaa, akapunga mkono kwa wananchi, na gari la farasi mia sita likapita mbele yao likitoa sauti ya upepo kwenye majani. Jioni alipanda akivutwa na trekta, akipunga tena.

Wananchi hawakuweza kuvumilia. Vrabchevo mtu akifa, tangazo la msiba lenye picha yake hubandikwa kwenye milango na nguzo za umeme. Asubuhi moja ya Juni nguzo zote za mji zilikuwa na tangazo jipya, na picha ilikuwa ya gari. "Kwa majonzi makubwa tunawatangazia ndugu na jamaa kwamba baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa wa ubahili ametutoka mpendwa wetu, Injini, mzaliwa wa Italia. Ameacha viti viwili na magurudumu manne. Hakuwahi kusikika akilalamika." Siku arobaini baadaye likabandikwa la arobaini, kama desturi inavyotaka.

Gavana alikasirika, lakini kwa muda mfupi, kwa sababu mji mkuu ulifurahi. Waziri alimpa Nishani ya Tone la Dhahabu. Kwa kuchanganyikiwa na furaha, gavana alipanua Mwongozo: tangu Septemba, vyombo vyote vya umma mkoani vilitakiwa kuteremka injini zikiwa zimezimwa, na kifungu cha tano kikarekebishwa kusema bayana kwamba kila chombo kitasukumwa na abiria wake. Tangu siku hiyo wagonjwa waliotoka hospitali walisukuma, na walimu wakasukuma. Bwana harusi mmoja alisukuma basi la halmashauri lenye wazazi wa bibi harusi, na inasemekana hapo ndipo walipomkubali.

Metodi naye alisukuma kila siku, viganja vikaota sugu. Lakini kitengo kilikuwa salama. Ua lake lilitoa jani jipya.

Waraka ulikuja siku tatu kabla ya mwaka kwisha. Metodi aliusoma amesimama, akaketi, akausoma tena. Mji mkuu ulikuwa ukikumbusha kwamba mafuta yasiyotumika hadi saa sita ya usiku wa Desemba thelathini na moja yatahesabiwa kuwa hayakuhitajika, na mgao wa mwaka ujao utakuwa sawa na matumizi ya mwaka huu. Kitengo kitakachobaki na mgao chini ya lita mia moja kitakuwa kimepoteza sifa ya kuwa kitengo, na kitaunganishwa na kilicho jirani.

Mgao wa gari jekundu ulikuwa lita elfu moja. Lilikuwa limekunywa lita sitini. Jirani wa kitengo, ghorofa ya chini, alikuwa Parush.

Alikimbilia kwa gavana, Zdravka nyuma yake. Gavana alisoma, akaelewa upande uliomhusu. "Mwaka ujao nitapewa lita sitini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa sababu tumefaulu."

"Mwageni hayo mengine!"

"Ni kosa la mazingira. Watatufunga."

"Basi liwasheni, liungurume hapohapo liliposimama!"

"Kifungu cha nne, Mheshimiwa. Gari lililosimama halitaunguruma. Ulikisoma vizuri sana."

Gavana akapiga meza. "Basi tembezeni! Mnangoja nini? Tembezeni mpaka yaishe!"

Zdravka akakohoa kwa adabu. "Mheshimiwa, kwa mguu wetu huu mwepesi, mafuta haya yatatuzungusha dunia mara moja na nusu. Tuna siku tatu."

"Unashauri nini?"

"Nashauri gari liendeshwe kama gari."

 Gavana alimtazama Metodi. Metodi alitazama sakafu, maana chini ya sakafu, ghorofa mbili, kuna kitu kilibweka.

"Choma," gavana akasema. "Choma yote. Fungeni barabara ya mlimani."

"Asante, Mheshimiwa," akasema Zdravka. "Nitakungoja garini."

"Mimi? Mimi wa nini?"

"Kifungu cha pili," akasema Metodi.

Injini iliwashwa saa mbili asubuhi. Watu wa Vrabchevo walikuwa wamelizoea gari lile likiwa bubu, kwa hiyo mngurumo wa kwanza ulipopasuka mtoni, madirisha yalifunguka mji mzima na kuku wakapanda mitini. Wazee walivua kofia. Mtu aliyekuwa akinyolewa alitoka na povu shavuni. Metodi, aliyekuwa ameshika mpira wa mafuta pale uwanjani, alisikia sauti ile ikimwingia tumboni na kupanda kifuani, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amelisukuma gari hili miezi tisa na hakuwahi kuambiwa lina sauti nzuri namna hii.

Zdravka akaliachia. Gari likaondoka, na sura ya gavana ilibaki hewani kidogo kabla ya kulifuata.

Lilipanda mpaka Mtaa wa Juu, likageuka kwa kutelezesha matairi ya nyuma, likashuka, likazunguka kisima cha uwanjani, likapanda tena. Injini, kwa mara ya kwanza tangu Boga, ililia hadi mwisho. Watu walileta viti. Walileta moto wa kuchomea soseji na rakia, pombe yao kali ya matunda, kwenye vikombe, kila mmoja akiwa na nadharia yake kuhusu kona ya kanisa. Mtu fulani aliyatembelea matangazo ya msiba yote akiwa na kalamu nene, akaandika chini yake: "Tunaomba radhi kwa usumbufu. Marehemu amerudi."

Kule juu Bibi Nedelya alitoka na kindoo chake. Kwa hesabu yake kila safari ilikuwa safari, na mwanawe aliondoka getini kila baada ya dakika chache. Alimwaga maji, akajaza, akamwaga. Mchana akaomba mpira wa bustani. Siku ya pili pale getini palikuwa barafu tupu, na gari lilipita hapo likienda ubavuubavu, jambo ambalo Zdravka alilisifu sana.

"Mama yako ni fundi, Mheshimiwa!" alipaza sauti. "Anajua kona inataka nini!"

 Gavana alikuwa ameshika kila kitu kilichoweza kushikwa, akajuta kwamba Kamati iliondoa vingi.

Walipotua kujaza mafuta alifungua dirisha. Uso wake ulikuwa na rangi ya jibini.

"Kunchev. Nashuka."

"Ukishuka gari linasimama, Mheshimiwa. Na bado tuna lita mia tano."

"Nakifuta hicho kifungu!"

"Kukifuta kunahitaji kikao cha Kamati, na kikao kinahitaji taarifa ya siku saba."

"Wewe si ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo maana nalijua hilo, Mheshimiwa."

Gavana akashusha sauti. "Metodi. Nakuomba. Si kama gavana, kama ndugu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuitwa kwa jina lake. Metodi alimwonea huruma, alimwonea kabisa. Kisha akabadilisha mkono ulioshika mpira, kwa kuwa sugu zilimuuma.

"Kama ndugu," akasema, "naweza kukupa mfuko wa nailoni."

Lita ya mwisho ilichomwa Desemba thelathini na moja, jioni, mji mzima ukihesabu kwa kelele. Zdravka alizima, akabaki ameketi, mikono kwenye usukani, akicheka peke yake. Gavana alisaidiwa kutoka na watu wanne. Aliuliza kama bado yuko madarakani, akaambiwa ndiyo, akaomba apelekwe nyumbani kwa miguu.

Januari mji mkuu ulijibu, na kwa kuwa mji mkuu una wizara zaidi ya moja, majibu yalikuja mawili siku moja. La kwanza lilipongeza Mkoa wa Vrabchevo kwa kutumia mgao wake kwa asilimia mia, ishara ya uhitaji wa kweli, na likauongeza mara mbili. La pili lilieleza kwa masikitiko kwamba wastani wa gari jekundu kwa mwaka umefika lita kumi na sita, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kifungu cha kwanza cha Mwongozo bora kabisa wa gavana mwenyewe, ambao sasa unasambazwa nchi nzima kama mfano, gari liondolewe. Likapelekwa hospitali ya mkoa kusafirisha damu ya haraka, na Zdravka pamoja nalo, kwa kuwa damu haina kiwango cha mafuta. Alipokuja kuchukua funguo alimbusu Metodi mashavu yote mawili na kumwachia kikaango.

Metodi akabaki na kitengo chake, dirisha lake, ua lake, na lita elfu mbili zisizo na gari. Alifikiri siku nzima. Kisha akashuka gereji ya mwisho, akaondoa turubai juu ya gari la kusukuma theluji, akalijaza mafuta hadi likatapika.

Kwa hiyo theluji kubwa ilipoanguka wiki ile, barabara ya Mtaa wa Juu ilifunguliwa mapema, kwa mara ya kwanza tangu watu walipoacha kukumbuka. Na barabara ilipofunguliwa, chombo cha kwanza cha umma kilichoelekea upande wa gavana kikaweza kufika getini kwake. Kilikuwa cha kijivu, chenye nyavu madirishani. Metodi alikuwepo, kwa kuwa safari ya kwanza hushuhudiwa na mwenyekiti, ila alisimama ng'ambo ya barabara.

Parush wa mbwa alishuka, akavua kofia. "Habari ya asubuhi, Mheshimiwa. Mbele pamejaa, msaidizi wangu anaumwa mgongo. Nyuma kuna nafasi. Huyo mweusi usimtazame machoni. Naye alikuwa na cheo mahali fulani, bado hajazoea."

Gavana alichungulia. Mbwa wanne walimchungulia.

"Kunchev!" aliita. "Nani aliyetunga jambo hili?"

"Mimi niliandika tu, Mheshimiwa," Metodi akajibu kutoka mbali. "Wewe ndiye uliyelisoma."

Gavana akashika mlango ili apande. Parush akakohoa.

"Samahani, Mheshimiwa. Hapa ni mteremko. Injini imezimwa, kifungu cha tano. Abiria husukuma."

"Na hao?" Gavana akaonyesha mbwa.

"Hao ni mizigo, Mheshimiwa. Nimeuliza ofisini kwako."

Gavana Karamfilov, mwenye Nishani ya Tone la Dhahabu, alivua glavu, akaweka viganja vyake laini kwenye bati la baridi, akainama. Bibi Nedelya akatoka na kindoo chake. "Nenda polepole, Zhelyo mwanangu," akasema, akayamwaga maji yote mbele ya magurudumu.

Gari likateleza, likajipata, likaanza kushuka bila sauti. Mbwa wanne walikaa kwenye dirisha la nyuma wakitazama. Gavana alikimbia nyuma yao, mkono mmoja kwenye kitasa, koti likipepea, akipitia mbele ya majirani waliotoka na vikombe vyao vya kahawa. Kwa mtu wa uzito wake alikimbia vizuri mno, na Metodi, ambaye ni mtu wa haki, alikiri kwamba katika maisha yote ya Kamati hakuwahi kuona mguu mwepesi kama ule.